Kuchora ukoo wa Robert Bertie, Earl wa Lindsey, ubaoni Tabora

Chukua karatasi ya manila, ilaze kwa upana, penseli kwanza, wino baadaye. Anza na Robert mwenyewe katikati, kabaila wa Uingereza (Earl na Baron ni vyeo vya makabaila huko): 1582–1642. Juu yake weka baba, Peregrine Bertie, na mama, Mary de Vere. Pembeni yake mke, Elizabeth Montagu, kwa mistari miwili. Chini, mwana wao Montagu, Earl wa pili.

Kosa linaloharibu chati nyingi ni majina. Robert alikuwa Baron Willoughby de Eresby kabla ya kupewa cheo cha Earl wa Lindsey mwaka 1626, na mwanafunzi humgeuza watu wawili. Andika jina la kuzaliwa kwa herufi kubwa, vyeo chini yake, kila kimoja na mwaka wake. Hapa Tabora mfano uko karibu: Mirambo ni jina la vita, si alilopewa utotoni. Wakilishika hilo, Lindsey hawasumbui tena.

Kwenye mstari wa baba na mwana, acha nafasi ya sentimita tano uandike: Edgehill, 23 Oktoba 1642. Hapo, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, Robert alijeruhiwa akimpigania Mfalme Charles wa Kwanza. Montagu akaenda kumwokoa, wakatekwa wote. Baba akafa kwa majeraha. Bila mstari huo chati inabaki orodha ya majina tu.

Tarehe za Januari hadi 24 Machi zihakiki mara mbili: Uingereza ya wakati ule ilianza mwaka mpya 25 Machi, hivyo siku hizo zilihesabiwa katika mwaka uliotangulia.