Mashine ya kulainisha maji: ukiona chumvi haipungui, usifurahi

Mimi miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa najisifu kabisa, nimejaza chumvi mara moja tu na tangi bado linaonekana limejaa, nikasema hii mashine haina gharama bwana. Kumbe birika limeshaanza tena ukoko mweupe kwa ndani, sabuni haitoi povu, yani mashine ilikuwa inajiosha kwa maji matupu siku zote hizo. Chumvi ilishikana juu ikawa kama dari, chini yake uwazi mtupu.

Ukielewa inavyofanya kazi mengine hayasumbui. Kwenye ule mtungi mrefu kuna vipunje vya rezini (aina ya plastiki maalum) vimebeba sodiamu, maji magumu, yani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, yakipita, madini hayo yananasa pale na sodiamu inatoka inaenda na maji. Vipunje vikijaa mashine inavuta maji ya chumvi kutoka lile tangi la pembeni, inavisuuza, uchafu unamwagwa kwenye bomba la maji machafu, kazi inaanza upya. Chumvi isipoyeyuka hakuna cha kusuuzia, basi. Na kama maji yako ya kisima yana ladha ya chumvi, hii mashine haiiondoi, usije ukamlaumu fundi bure.

Kwa hiyo kila mwezi funua tangi uangalie. Usiangalie kwa macho tu kama mimi, chukua mpini wa fagio usukume taratibu hadi chini. Ukigonga kitu kigumu katikati hilo ndilo dari lenyewe, livunje polepole kwa huo mpini, likikataa mwagia maji ya uvuguvugu juu, ila usitumie chuma chenye ncha wala usigonge pembeni utapasua tangi. Ukishavunja ipe chumvi masaa mawili matatu iyeyuke halafu iwashe mwenyewe ijioshe bila kusubiri zamu yake, mashine nyingi kuna kitufe unakishikilia sekunde kadhaa.

Kuzuia isijirudie: usijaze mpaka mdomoni. Mimi siruhusu ishuke chini ya robo tangi na sipitishi theluthi mbili, na mfuniko ukae vizuri unyevu usiingie. Nunua chumvi ya vidonge maalum kwa hizi mashine, ile ya mawe inaacha mchanga na tope chini, na ya mezani ni laini mno inageuka uji unaoziba. Uji ukishakuwepo hakuna ujanja, chota wote utoe.

Saa ya mashine nayo inachanganya watu. Nyingi zinatoka kiwandani zimepangwa kujiosha 2:00 usiku wa manane, yani saa nane usiku kwetu, kwa sababu wakati inajiosha, kama ina mtungi mmoja wa rezini, maji yanayokuja bombani ni magumu. Sasa wewe asubuhi saa mbili ukaiandikia 2:00, inaamini ni usiku, kila ikifika zamu inajiosha watu wakiwa bafuni. Umeme ukikatika pia hakikisha saa, zingine zinapoteza.

Halafu kuna namba ya ugumu wa maji. Pima kwa vile vikaratasi vya kupimia, na kama majibu yako ni miligramu kwa lita na mashine inataka greni kwa galoni (kipimo cha Kimarekani), gawanya kwa 17.1, kwa hiyo 250 inakuwa kama 15. Ukiweka ndogo maji magumu yanapita, ukiweka kubwa unamwaga chumvi na maji bure.

Mara moja kwa mwaka subiri chumvi iishe, toa maji yaliyobaki, osha tangi kwa sabuni kidogo, suuza sana. Filta ya kuchuja mchanga kama ipo ibadilishe kabla haijaziba. Maji yenye chuma, yale yanayoacha rangi ya kutu kwenye sinki, yanachafua rezini, kuna dawa yake ya kusafishia. Rezini ikitunzwa inaenda miaka 10 hadi 15, klorini nyingi inaipunguzia.

Bustani mwagilia maji ambayo hayajapita kwenye mashine, mimea haipendi sodiamu. Na kama nyumbani kuna mtu wa presha kaambiwa na daktari apunguze sodiamu, acha bomba moja la jikoni bila kulainishwa.

Ukihisi maji yamerudi kuwa magumu, chukua chupa safi, weka maji na matone machache ya sabuni halisi ya maji, siyo ile ya kuoshea vyombo maana inatoa povu hata kwenye maji magumu, tikisa. Laini yanatoa povu zito na chini maji yanabaki maangavu kabisa, magumu yanakuwa kama maziwa na povu la kuhesabu. Yakiwa magumu angalia chumvi, halafu saa, halafu valvu ya baipasi, ile inayopitisha maji pembeni bila kuingia kwenye mashine, maana kuna siku mtu anaifungua anasahau. Vyote vikiwa sawa hapo inawezekana injekta, yani kile kipande kinachovuta maji ya chumvi, imeziba, ndio umpigie fundi, na umwambie ulishaangalia nini asije akakulipisha kuvunja dari la chumvi.