Winchi ya kupandishia mchanga usimshushie mtu

Hapa Mombasa ukisema winchi kila mtu ana yake kichwani. Wa bandarini anaona yale madude ya Kilindini, wa mjengo anaona kile kimashine cha umeme cha kupandisha mchanga, na fundi wa visima anaona ile ya kuzungusha kwa mkono. Mie naongelea hiyo ya mkono, ile inayomshusha mtu kisimani ama ndani ya tangi, na ambayo mambo yakiharibika ndo itamtoa.

Kabla ya yote soma lebo. Kama imeandikwa kilo peke yake basi hiyo ni ya mzigo, ya mtu huandikwa wazi kuwa ni ya watu, na zile za uokoaji nyingi utaona wameandika EN 1496, kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kuinulia watu wakati wa uokoaji. Sasa hapo utasikia bosi anakwambia, "winchi ya kilo 500 itashindwa vipi na kijana wa kilo 70?" Haishindwi na uzito, inashindwa na breki. Ile ya mzigo ya bei rahisi ina kijino kinacholia ka-ka-ka ukipandisha, lakini kuteremsha lazima ukiinue kile kijino, na ukishakiinua hakuna breki tena, breki ni mkono wako.

Mie niliyajua hayo kwa njia mbaya. Ilikuwa Kisauni, kisima cha kama mita 12, na winchi yenyewe imetolewa kwa treila ya boti. Asubuhi nzima tumepandisha ndoo za tope nayo wala haikuleta shida, mchana bosi akasema mteremsheni kijana na hiyo hiyo. Mkono ulikuwa na jasho, hendeli ikaniponyoka, na hendeli ikishaachiwa inazunguka kama feni yani huwezi kuishika tena, nikajaribu kuishika (usijaribu) na mpaka leo gumba hili la kulia halikunjiki sawa. Kijana bahati yake alikuwa ashakaribia maji, akatoka na goti limefura na matusi mengi, na hakukosea.

Winchi ya mtu ukiiachia hendeli inasimama pale pale, na kuteremsha pia unazungusha, kurudi nyuma. Ijaribu hivi kabla ya mtu kuvaa chochote: funga mifuko miwili ya simiti, hiyo ni kilo 100, ipandishe mita moja, achia hendeli kabisa, tazama. Kisha teremsha nusu, achia tena. Ikishuka hata shibiri moja, kazi imeisha siku hiyo. Na usijaribu na kulabu tupu, manake breki nyingi za aina hii zinashikwa na uzito wenyewe, bila uzito hutajua lolote. Halafu jamani grisi, mafundi wetu wanapenda grisi! Gia zitie, lakini zile sahani za breki zikiguswa na mafuta hazishiki.

Waya nao. Hewa yetu ni ya chumvi, waya unaonekana mzuri juu na ndani ushaliwa. Vaa glavu nzito, shika kitambaa, upitishe waya wote polepole, uzi uliokatika utanasa kitambaa, na hapo kwa winchi ya mtu mie sihesabu nyuzi ngapi, natupa. Angalia zaidi pale karibu na kulabu. Ukiona kitanzi kimefungwa kwa zile klipu za bolti ujue mtu ashaurekebisha kienyeji, huo pia sio waya wa kushushia mtu. Na kisima kikiwa kirefu usimalize waya kwenye dramu, zibaki angalau raundi tatu, pakeni rangi nyekundu hapo ili anayezungusha aione. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, Waingereza kwa vile vya kuinua watu wamesema kila miezi 6, na kwa chumvi ya hapa mie nafuata hiyo.

Pa kufungia pasiwe pa kubahatisha. Ile stendi ya miguu mitatu ndo salama zaidi juu ya shimo, miguu ifungwe kwa mnyororo chini isitanuke, na waya ushuke katikati, ukivuta kwa upande stendi inaanguka na wewe. Kwa kazi za ukutani, kipimo cha EN 795 kwa sehemu ya kufungia mtu mmoja ni kilonyutoni 12, yani kama kuning'iniza Probox na dereva wake. Sasa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa kule Mji wa Kale utabeba hiyo? Tafuta nguzo ya zege. Na Kusi ikivuma sana, anayening'inia atapigizwa ukutani, ngoja itulie.

Winchi peke yake haitoshi. Lazima kuwe na kamba ya pili ama ile rili ya kamba inayojikunja na kujifunga mtu akianguka, imefungwa pake, sio kulabu moja na winchi. Na mtu avae hanesi, yani ile mikanda ya kujifungia, ya mwili mzima. Mkanda wa kiuno ukimvuta mtu aliyezimia anakunjika katikati kama nguo kwenye kamba, mdomo wa shimo hapiti.

Sasa hewa, na hapa ndo watu wetu wanaisha. Pampu ya petroli ikikaa juu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, kwa hivyo mtu anaona bora aishushe pampu ndani ya kisima, anaiwasha, moshi unajaa mle, na ile gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi (kaboni monoksidi) haina hata harufu ya kukutisha. Anazimia, mwenzake anaruka kumsaidia, naye anazimia, wa tatu ni ndugu yake. Injini isishuke shimoni, hata dakika mbili. Kwa septiki kuna ile gesi ya mayai viza, nayo ni mjanja, ikiwa nyingi inaua pua kwanza, ukiacha kuisikia usidhani imeisha. Shusha kipimo cha gesi kwa kamba kabla ya mtu, juu, katikati na chini, oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 hakuna kushuka.

Ndo maana anayeshuka anashuka ashafungwa winchi na anabaki amefungwa mpaka atoke, hata akilalamika waya unamsumbua. Mtu akizimia wewe huna cha kushuka kutafuta, unazungusha tu. Zungusha polepole na mwingine achungulie na tochi, mguu ama bega likinasa utalisikia kwenye hendeli, limezidi uzito ghafla, simama, rudisha kidogo, mgeuze. Mota ya umeme haisikii hayo, itavuta tu mpaka kitu kikatike, kwa hivyo uokoaji mie natumia mkono. Wa ukutani aliyening'inia bila kusogea mtoeni ndani ya dakika chache, damu inakwama miguuni na anaweza kuzimia hivo hivo bila jeraha. Akifika chini mlazeni, angalieni kama anapumua, na mmoja awe ashapiga 999 au 112 zamani, sio sasa.

Mkimaliza, osheni waya na hanesi kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kaushieni kivulini, jua linakula ile mikanda. Na ile rili ikishawahi kumshika mtu akianguka, hata kama inaonekana nzima, ifungeni utepe mwekundu muiweke kando mpaka ikaguliwe, manake kesho asubuhi kuna kijana ataichukua bila kuuliza.