Kujinunulia chakula ukiwa umepanga ufukweni Kigamboni

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu wa Nakuru, aliyekuja na familia yake kupanga nyumba ya ufukweni huku Kigamboni, Dar es Salaam. Utamfaa mgeni yeyote aliyefikia penye jiko na anayetaka kupika mwenyewe.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kulipia chumba

Hoteli nyingi za ufukweni haziruhusu chakula cha nje. Ulizia jiko, friji, na hasa friza. Pasipokuwa na friza, nunua samaki wa siku hiyo tu.

Hatua ya 2: Shilingi na kikapu

Vunja noti za elfu kumi mapema, maana asubuhi muuza mchicha hana chenji. Beba kikapu chako. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiipakie hata kwenye sanduku la safari.

Hatua ya 3: Samaki

Nenda Feri. Usinunue samaki wa supamaketi aliyegandishwa wakati soko kubwa la samaki liko ng'ambo tu ya mlango wa bandari. Panda kivuko kwa miguu, ushuke Magogoni, soko liko hapo hapo. Gari liache, maana foleni ya magari itakumalizia asubuhi. Wakati wa kurudi Kigamboni utapishana na umati unaokwenda kazini mjini, nawe utapata nafasi ya kuweka mzigo.

Fika kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Utakuta mnada unaendelea, dalali anapandisha bei na wachuuzi wanagombea mafungu makubwa. Huo si wako. Subiri mchuuzi apange samaki mezani, ununue kwake mmoja mmoja au kwa fungu. Zunguka meza tatu nne ukiulizia bei kabla ya kutoa hela. Miezi ya upepo wa kusi bahari huchafuka na bei hupanda. Siku za mbalamwezi nazo vibua na dagaa huadimika, kwa sababu wavuvi wao hutegemea taa gizani. Ukiambiwa bei kubwa siku hizo, huenda muuzaji hakuonei.

Mkague samaki mwenyewe. Macho yawe yamejaa na kung'aa, matamvua mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Kamba aliyeanza kuwa mweusi kichwani mwache. Kwa kukaanga au kuchoma chukua changu, kwa mchuzi wa nazi chukua nguru au kolekole.

Sasa zingatia joto, na hapa naomba usome polepole. Jodari, nguru na kibua wakikaa bila barafu hutengeneza sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haitoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Mtu hula samaki mwenye ladha ya kawaida, kisha uso unamwiva, kichwa kinamgonga, mwili unamwasha, pengine na kuhara. Wengi hudhani ni mzio. Kwa hiyo usimchukue jodari aliyekuwa juani, hata kwa bei ya kutupa, na ukishamnunua usizunguke naye mjini kutafuta vitambaa.

Njoo na deli, yaani kasha la kutunzia baridi. Ndoo yenye mfuniko haitoshi. Barafu inauzwa sokoni: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tandaza chini, kati na juu. Kabla ya kufunga, wapeleke kwa vijana wanaopaa samaki na mpatane malipo mapema, kwani hayamo katika bei ya mchuuzi. Simama pale pale, mwambie akuachie vichwa vya supu, na asivisuuze kwa maji ya ndoo yaliyokwisha tumika. Utaosha nyumbani kwa maji safi.

Hatua ya 4: Gengeni

Nyanya, vitunguu, ndimu, pilipili, mchicha na matembele nunua kwenye genge la karibu na ulikofikia, kila siku kidogo kidogo. Vinauzwa kwa fungu. Chagua fungu lako kwa macho, na ukirudi kesho kwa mama yule yule atakuongezea. Nazi itikise sikioni: ikilia maji, ni nzima. Kama nyumba haina mbuzi ya kukunia nazi, tafuta anayekuna kwa mashine, na uitumie siku hiyo hiyo kwa sababu huchacha upesi.

Hatua ya 5: Duka la Mangi, yaani duka dogo la mtaani

Mchele, sembe, sukari, chumvi, mafuta, viberiti. Mchele chukua wa Kyela. Maji ya kunywa nunua dumu kubwa, chupa ndogo zinakula hela, na uulize kama dumu tupu linarudishwa.