SOMO: Rimu na matairi ya gari la spoti la zamani, kuanzia kipimo mpaka kufunga

Wakuu, salaam. Kila baada ya siku chache mtu anatuma picha ya rimu inayouzwa, anauliza kama itaingia kwenye gari lake. Picha haijibu swali hilo. Naandika hapa mara moja kwa kirefu. Mwingine akiuliza, mleteni hapa.

Mfano wangu ni Datsun 240Z kwa kuwa vipimo vyake vinafahamika. Mwenye Toyota AE86 au MGB (gari la spoti la Kiingereza) abadilishe namba tu, hesabu ni ile ile.

Hatua ya 1: Jua gari lilitoka kiwandani na nini

240Z: rimu ya chuma ya inchi 14, upana 4.5J (yaani inchi 4.5), tairi 175HR14, bolti 4, PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti) milimita 114.3, tundu la katikati milimita 73. Andika kwenye karatasi uende nayo dukani.

Hatua ya 2: Tafuta tairi kwanza, rimu baadaye

Wengi wanafanya kinyume: wananunua rimu nzuri ringi 14, halafu wanazunguka mji mzima bila kupata tairi la kuifaa. Tairi utalibadilisha kila baada ya miaka michache, rimu utakaa nayo. Kwa hiyo saizi ya tairi linalopatikana ndiyo iamue rimu.

Kipimo cha kulinda ni kimo cha tairi zima. Kwenye 195/65R15, 195 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya ubavu, 15 ni rimu kwa inchi. Upana zidisha kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa 2, jumlisha rimu (inchi moja ni milimita 25.4). Tairi la zamani lisilo na namba ya pili, kama 175HR14, ubavu wake ni karibu asilimia 80. Kwa hiyo la 240Z lina kimo cha milimita 636 hivi. Linganisha:

195/65R15 – 634
205/60R15 – 627
195/70R14 – 629
185/70R14 – 615
175/65R14 – 583

La mwisho ni la kina Vitz. Ni fupi kwa asilimia 8: injini italia zaidi kwa mwendo ule ule, mita ya spidi itakudanganya, na tumbo la gari litagusa kila tuta. Ndani ya asilimia 3 uko salama. Mimi kwa 240Z nasema 195/65R15 bila kusita. Kimo ni kile kile cha kiwandani, na ni saizi ya magari ya kawaida ya Toyota, hivyo ukipasua tairi Manyoni au Kibaigwa hutalala hapo.

ONYO, na hili lisomeni mara mbili. Ukiomba "175 ringi 14" muuzaji anaweza kukupa 175R14C. Namba zinafanana, tairi ni jingine kabisa. Hiyo C ni ya magari ya mizigo, kina TownAce. Ubavu wake ni mgumu kwa sababu umetengenezwa kubeba tani kwa upepo mwingi. Kwenye gari la kilo elfu moja tairi hilo haliinami: linarukaruka kwenye mawe, na kwenye lami iliyolowa linateleza kabla hujajua. Herufi yake ya spidi mara nyingi ni Q au R, yaani kilomita 160 au 170 kwa saa, wakati gari lako lilipewa H, yaani 210. Ukiona C baada ya ringi, au 6PR au 8PR, rudisha.

Angalia na tarehe. Mwisho wa mstari wa DOT kuna namba nne: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Namba tatu maana yake ni kabla ya mwaka 2000, hata kama kashata (meno ya tairi) zinang'aa. Jua la huku linakausha mpira haraka: pinda ubavu kwa vidole, ukiona nyufa ndogo kama nywele kandokando ya maandishi, liache. Miaka 10 ni mwisho hata kama halijatembea.

Hatua ya 3: PCD

Bolti 4: pima katikati ya bolti moja hadi katikati ya inayoikabili. Bolti 5: pima mbili zilizo jirani, gawanya kwa 0.588. Datsun Z, AE86 na MGB ya rimu za bolti zote ni 4x114.3. Vitz na IST za toleo la kwanza ni 4x100.

Hatua ya 4: Tundu la katikati

Likiwa dogo kuliko habu, rimu haikai. Likiwa kubwa, weka pete za kujaza nafasi, la sivyo gari linaweza kutetemeka hata baada ya balansi.

Hatua ya 5: Ofseti. Hapa ndipo rimu nyingi zinaponunuliwa mara mbili

Ofseti (ET) ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Rimu ikiwa haina maandishi, ilaze kifudifudi, weka rula iliyonyooka juu ya mdomo wa nyuma, pima kushuka hadi uso wa habu. Toa nusu ya upana wote. Angalizo: 7J si upana wote. Hiyo inapimwa pale tairi linapokaa. Ukiongeza midomo, upana wote ni karibu inchi 8, yaani milimita 203. Ukipima 101 kwa nyuma, ET yako ni sifuri hivi.

Ukihama kutoka 6J ET10 kwenda 7J ET0: nusu ya inchi ni 12.7 kila upande, na ofseti inasukuma nje 10 zaidi. Nje unatoka milimita 22.7, ndani unaingia 2.7 tu. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu 240Z inabana pande zote mbili. Nyuma, bega la ndani la tairi linakutana na kikombe cha springi. Mbele, ukikata kona mpaka mwisho, pembe ya tairi inakwaruza madigadi. 15x7 ET0 na 205/60R15 inajulikana kwamba inakaa, ila kwa 195/65 mimi napenda 6J au 6.5J.

Kabla ya kulipia rimu zote nne, omba moja, funga tairi, ijaribu mbele na nyuma. Gari likiwa chini, pakia watu wawili na mzigo. Bandika vidonge vya udongo wa mfinyanzi kwenye kikombe cha springi na ndani ya madigadi, kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho, pita tuta polepole, kisha tazama vilivyobonyea. Kwa sehemu inayosogea pamoja na gurudumu, kama shokapu, milimita 5 zinatosha. Kwa bodi taka 20, maana gurudumu linapanda na kushuka. Usiseme "nitakunja madigadi" kabla ya kupima.

Hatua ya 6: Nati

Datsun ni M12x1.25 (unene milimita 12, jino kila milimita 1.25), Toyota ni M12x1.5, MGB ni nusu inchi UNF (meno ya vipimo vya inchi). Nati ya Toyota kwenye stadi (ile bolti ya habu) ya Datsun inaingia mizunguko miwili halafu inakaza. Fundi mwenye mashine ya upepo hataisikia, atakata meno ya stadi. Zungusha kwa MKONO kwanza: mizunguko 10 kwa Datsun, 8 kwa Toyota. Ikigoma, simama. Pia linganisha kikalio: rimu ya koni inataka nati ya koni, rimu ya uso bapa inataka nati yenye washa (pete bapa). Kaza kwa msalaba, 240Z Nm 80 hadi 90, rudia baada ya kilomita 50.

Hatua ya 7: Balansi, kisha alaimenti.

MASWALI

Kizota_Boy: Mkuu nimepata rimu za IST ringi 15 bei poa sana. Zinaingia kwenye Z?

Mwandishi: Hatua ya 3. Haziingii.

Kizota_Boy: Fundi anasema anatoboa matundu mapya.

Mwandishi: Tofauti ya 100 na 114.3 kwa kila tundu ni milimita 7 tu. Tundu jipya litaingiliana na la zamani. Akisema atatoboa katikati ya yaliyopo, hapo nyuma rimu haina nyama ya kubeba. Asitoboe.

Mama_Celica: Shikamoo kaka. Nimeweka rimu zilizotoka nje zaidi. Tangu hapo njia ya Gairo, kwenye mifereji ya malori, usukani unavutwa huku na huku. Alaimenti imepita. Nini hiki?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana. Chora mstari unaopita kwenye mhimili ambao gurudumu linageukia, ushushe mpaka ardhini. Umbali kati ya hapo na katikati ya tairi ndio mkono ambao barabara inausukuma usukani wako. Rimu ikitoka nje mkono unarefuka, kila ukingo wa mfereji unapata nguvu zaidi. Beringi ya mbele nayo inalemewa. Tairi pana linaongeza tatizo. Jaribu rahisi: rudisha rimu za zamani mbele tu, pita kipande kile kile. Usukani ukitulia, umeshapata jibu. Kama ulitumia spesa (vipande vya kusukuma rimu nje), anza kwa kuzitoa.

DarDom450: Nilijaza 28 Dar alfajiri, nimefika Dodoma mchana inasoma 34. Nitoe upepo?

Mwandishi: Usitoe likiwa la moto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji inaongeza karibu psi 2 bila tairi kubadilika. Zinazobaki ni joto. Pima asubuhi kabla hujaondoka, uweke 28 hadi 30.

Ringi17: Mbona Japani wanaweka 17 kwenye Z na inapendeza? Mnatisha watu bure.

Mwandishi: Sijamtisha mtu, nimepiga hesabu. 205/40R17 ina ubavu wa milimita 82. 175HR14 ina 140. Ukiingia shimo, ubavu ndio unaopokea, ukiisha inapokea rimu. 240Z ilishinda East African Safari mwaka 1971 na 1973 kwa matairi yenye ubavu mrefu. Gari ni lako, weka unachotaka, ila usiwaambie wengine hakuna tofauti.

MjukuuWaMzee: MGB ya babu ina rimu za spoku. Nitumie tyubulesi?

Mwandishi: Hapana. Spoku zinapita kwenye rimu, upepo utatoka. Weka tyubu ya tairi la radial na mkanda wa mpira juu ya vichwa vya spoku. Gonga kila spoku kwa spana: iliyolegea inatoa sauti butu. Paka grisi meno ya habu. Habu za kushoto na kulia zisibadilishane: kushoto nati inafunguka kinyume cha saa, kulia inafunguka kwa saa. Ukizigeuza, inajifungua barabarani. Tumia nyundo ya shaba.

MjukuuWaMzee: Ubarikiwe. Miiba ya migunga je? Shambani Chamwino nachomwa kila mara.

Mwandishi: Ukiwa na tyubu, toa mwiba wote kwenye tairi kabla ya kuziba, kipande kikibaki kitatoboa tena. Kwa tyubulesi, kiraka cha ndani kwenye kashata tu. Ubavu hauzibwi.

Kizota_Boy: Basi nimesoma yote. Nikienda 195/65R15, spea niweke ipi?

Mwandishi: Sasa umeuliza vizuri. Beba rimu ya chuma ya awali na 175HR14 yake. Kimo kinatofautiana milimita moja tu, difu haitaumia. Kama rimu mpya zina nati za washa, weka nati nne za koni kwenye mfuko pamoja na jeki, maana zile za washa hazitashika rimu ya chuma.