Kupima presha nyumbani Moshi bila kudanganywa na namba

Watu weusi Marekani hupata presha mapema na kwa ukali zaidi. Ubaguzi, kipato na huduma duni vinachangia sana. Hapa Moshi nako wengi hugundua wakiwa wameshapooza, na inauma kwa sababu mashine ndogo ingetosha.

Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kakojoe, kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, bila kukunja nne. Funga mkanda wa mashine kwenye mkono usio na nguo, usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huzidisha namba, na kosa hili ni la kawaida mno. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi na jioni, siku 7. Tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani.

Wastani ukifika 135/85, peleka daftari ulilojaza namba hospitali ya Mawenzi au kituo cha karibu. Ikifika 180/120 na kifua kinabana au ulimi mzito, nenda sasa hivi.

Kwa wengi wenye asili ya Afrika, amlodipini au dawa ya kukojoza hushusha presha kuliko kaptoprili peke yake. Muulize daktari kuhusu hilo, na usiazime vidonge vya jirani.