Kabla ya Kusomea Sanaa za Studio Komyuniti Koleji, Hesabu Saa Zako

Kila Agosti inapokaribia, kuna kijana wa jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki hapa California anayenipigia simu kuuliza: huko komyuniti koleji wanataka nini ili nikasomee uchoraji? Jibu ni kwamba hawataki kitu kikubwa. Vyuo hivi vya jamii, vya miaka miwili, humpokea aliyemaliza sekondari au aliyetimiza miaka 18. Hakuna mtihani wa kuchora, wala mtu wa kukagua michoro yako kwanza. Kerry James Marshall, ambaye leo picha zake zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya Marekani na Ulaya, alipitia Los Angeles City College kabla ya kumalizia shahada yake chuo cha sanaa cha Otis mwaka 1978. Mlango uko wazi kweli. Lakini kwa kuwa uko wazi hivyo, watu huingia bila maandalizi, na nimeshuhudia wenye mikono mizuri sana wakiacha kabla ya muhula kuisha. Karibu wote walishindwa na muda.

Kwa hiyo naanza na saa. Kozi hupimwa kwa yuniti, na watu wengi hupanga muhula wao kwa kuhesabu yuniti. Kwa mwanafunzi wa studio hesabu hiyo inadanganya. Kozi ya historia ya sanaa yenye yuniti 3 itakukalisha darasani saa 3 kwa wiki, mengine utayasoma nyumbani usiku, au kwenye basi. Kozi ya kuchora yenye yuniti hizo hizo 3 kwa kawaida hukutaka darasani saa 6 kwa wiki, kwa sababu huchanganya mhadhara, ambao yuniti moja ni saa 1, na kazi ya mikono, ambayo yuniti moja ni saa 3 za kuwemo ndani. Ukichukua kuchora, ufinyanzi na usanifu wa sura bapa (2D) kwa pamoja, kwenye karatasi ni yuniti 9 tu, lakini umeshatoa saa 18 za wiki, na kazi za nyumbani bado. Mimi muhula wangu wa kwanza nilichukua hizo tatu huku nikifanya kazi ya usiku, nikitunza mzee wa watu usiku kucha. Wiki ya saba nilikuwa nasinzia nimesimama mbele ya stendi ya kuchorea. Niliacha ufinyanzi, na kwa kuwa tarehe ya kuacha bila alama ilishapita, herufi W, yaani aliyejitoa, ikabaki kwenye matokeo yangu hadi leo.

Ndiyo maana nasema, kabla hujajiandikisha, chukua karatasi uandike wiki yako ilivyo: zamu za kazi, watoto, safari ya kwenda na kurudi, ibada, kulala. Nafasi inayobaki ndiyo chuo chako. Mtu mwenye kazi ya saa 40 asizidishe kozi moja ya studio kwa muhula, mbili akiwa hana familia ya kuangalia. Shahada ya miaka miwili itakuwa ya mitatu au minne, na hilo halina aibu yoyote. Uliza pia studio hufunguliwa saa ngapi nje ya vipindi. Kuchora unaweza kuchorea jikoni kwako, ila gurudumu la mfinyanzi na tanuri hutakuwa navyo nyumbani. Kama studio iko wazi Ijumaa mchana tu nawe Ijumaa uko zamu, kozi hiyo si yako muhula huu.

Ada yenyewe ni jambo la kushukuru. Mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti, kiwango ambacho kimekuwepo tangu mwaka 2012, kwa hiyo kozi ya yuniti 3 ni dola 138, na jimbo humsamehe ada mwenye kipato kidogo akiomba. Mkazi ni aliyeishi jimboni zaidi ya mwaka mmoja kwa nia ya kukaa. Aliyefika juzi kwa kawaida hulipa mara kadhaa zaidi, kwa hiyo wakati mwingine kusubiri muhula mmoja kunaokoa maelfu. Jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo. Wengi wetu tuliokuja kama wakimbizi hudhani si yetu, lakini mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaruhusiwa kuomba, kama mwenye grini kadi. Msaada wa Pell, ambao serikali kuu huwapa wenye kipato kidogo, ulifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26, nao haurudishwi, ila ukiacha masomo yote katikati ya muhula unaweza kudaiwa sehemu yake.

Anayetaka kuja kutoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, mambo yake ni magumu zaidi. Lazima achukue yuniti zisizopungua 12 kila muhula, na kati ya hizo kozi moja tu ndiyo inaweza kuwa ya mtandaoni. Mwaka wa kwanza haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki. FAFSA haimhusu, na ada ni ile ya mgeni. Akimaliza anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi inayohusu fani yake. Nyongeza ya miezi 24 wanayopata watu wa sayansi na teknolojia, msanii hapewi. Ningekuwa ndugu yake ningemwambia kwanza aangalie Makerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Kenyatta, ambako sanaa inafundishwa vizuri na mzazi hatauza shamba.

Vifaa usinunue mapema. Subiri siku ya kwanza upewe silabasi, maana kila mwalimu ana orodha yake. Kwa kuchora tarajia daftari kubwa la karatasi ya gazeti la inchi 18 kwa 24, mkaa wa kuchorea, kifutio laini kinachofinyangwa kama unga uliokandwa, penseli za ugumu tofauti, rula ya chuma na kisu cha kukatia karatasi. Rangi za mafuta ndizo zinazouma mfukoni, kwa hiyo ulizia kama rangi za bei ya wanafunzi zinaruhusiwa.

Hapa nina neno kwa waliojifunzia kazi nyumbani. Kuna kijana mmoja alikuja darasani kwetu akiwa mchoraji kamili wa Tingatinga. Mtindo ule Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mkono wa anayeujua hautetemeki. Muhula wa kwanza alinyang'anywa rangi zote. Akapewa mkaa, akaambiwa achore boksi jeupe juu ya kitambaa cheupe, apate tofauti ya mwanga na kivuli tu, wiki baada ya wiki. Aliona amedharauliwa, akataka kuondoka. Kama nawe una mtindo wako, jua mapema kwamba utaanzia kwenye boksi. Hawakufuti ulichonacho, wanakufundisha kutazama kitu kilichopo mbele yako, na hiyo ni kazi tofauti na kuchora unachokijua moyoni. Yule kijana alibaki, na chui anaowachora sasa wana uzito ambao wa zamani hawakuwa nao.

Mwili nao uandaliwe. Utasimama saa 3 mfululizo, hivyo vaa viatu vilivyofungika, na nguo ambayo huionei huruma. Penye gurudumu la ufinyanzi mtandio, mikono mirefu na rasta vifungwe. Vumbi la udongo mkavu lina silika, nayo huharibu mapafu taratibu kwa miaka, ndiyo maana studio husafishwa kwa kitambaa chenye maji, haifagiliwi. Sisi tuliozoea ufagio tunakosea hapo siku ya kwanza. Dawa ya kupuliza ili mkaa usifutike ipulizie nje. Mwenye pumu au mjamzito amwambie mwalimu mapema kuhusu rangi na viyeyusho.

Kuna jambo ambalo watu huona haya kulisema, nami nalisema. Kozi ya kuchora mwili wa binadamu hutumia mtu wa kuchorwa ambaye yuko uchi, mwanamume au mwanamke, mbele ya darasa zima. Kwa aliyelelewa msikitini au kanisani kama sisi ni mshtuko mkubwa. Darasa lenyewe lina adabu kali: simu hazitolewi, hakuna kupiga picha, hakuna maneno juu ya mwili wa mtu. Baada ya nusu saa unaona mifupa, uzito na mistari. Lakini dhamiri ni yako. Uliza kabla ya kujiandikisha kama kozi hiyo ni ya lazima kwa njia unayoichukua, na kama si ya lazima uchague nyingine kwa amani. Ukiichukua, waeleze wazazi wako mwenyewe kabla hawajakutana na michoro sebuleni.

Na kuna vikao vya kuhakiki kazi, ambavyo viliniumiza kuliko kitu kingine. Kazi zote hutundikwa ukutani, kila mmoja anatakiwa aseme. Sisi tumefunzwa kwamba mbele ya mkubwa unasikiliza, na kazi ya mwenzako unasema imependeza, basi. Kule ukinyamaza unahesabiwa hukushiriki, na ukisema imependeza unaulizwa ni nini kilichokupendeza, kiko wapi kwenye picha, jicho lako lilianzia wapi likaishia wapi. Nilijiandaa kwa njia moja iliyonifaa: kila jioni nilikaa mbele ya picha moja dakika tano, nikasema kwa sauti kwa Kiingereza ninachokiona, nikianza na vitu vya wazi kama giza, mwanga, ukubwa na umbali. Baada ya mwezi maneno yalikuja. Kazi yako ikisemwa vibaya usijibu hapo hapo. Andika walichosema, ukakisome kesho.

Muone mshauri wa masomo muhula wa kwanza kabisa, usingoje wa mwisho. California ina shahada maalumu ya kuhamia chuo kikuu katika sanaa za studio, ya yuniti 60, iliyotokana na sheria ya mwaka 2010, nayo inakuhakikishia nafasi katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo wa CSU (California State University), ingawa si lazima iwe kampasi unayoitaka. Tovuti ya ASSIST itakuonyesha kozi ipi inakubalika wapi. Idara ya sanaa unakohamia inaweza kudai potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, hata baada ya chuo kukupokea, mara nyingi kazi 10 hadi 20.

Kwa hiyo piga picha kila kazi siku inapokamilika, kwenye kivuli cha nje, kamera ikiwa sambamba na karatasi, na uandike ukubwa, mwaka na vifaa vilivyotumika. Mwisho wa muhula nenda na gari la rafiki ukachukue kazi zako kabla ya tarehe iliyobandikwa mlangoni. Mimi nilichelewa siku mbili, na vyungu vyangu sita vya kwanza vilikuwa vimeshatupwa.