Kuteketeza taka kwa maji ya moto mkali: anza na methanoli kwanza

Wadau wa maabara Arusha na Moshi, najua wengi mnataka kuteketeza viuatilifu vilivyopitwa na muda kutoka mashamba ya maua, wazo zuri sana ila msianze na sumu yenyewe. Anza na methanoli, ikiungua yote inabaki kaboni dayoksaidi na maji basi, haina chumvi wala klorini ya kukuvurugia majibu.

Maji hapa Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yabane kupita presha ya bar 221 na uyapashe kuzidi nyuzi 374, hapo si maji tena wala si mvuke, oksijeni na mafuta vinachanganyika humo kabisa na kuungua kunaisha haraka mno. Kazi nyingi hufanyika bar 250, nyuzi 400 mpaka 600.

Oksijeni sasa. Kilo 1 ya methanoli inakula kilo 1.5, weka na ziada kidogo. Kama unatumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30 (inajivunja yenyewe kuwa oksijeni na maji kwenye koili, yaani bomba la kuzunguka, la kupashia) utahitaji karibu kilo 10.6, panga bajeti mapema.

Muda wa maji kukaa ndani ndo wengi wanapokosea. Riakta (chombo cha kuunguzia) ya lita 1, pampu inasukuma gramu 1 kwa sekunde, mtu anadhani lita 1 inabeba gramu 1,000 anakwambia maji yanakaa sekunde 1,000, hapana jamani, kwenye nyuzi 500 na bar 250 lita 1 inabeba gramu 90 tu, kwahiyo ni sekunde 90. Ukikosea hapo majibu yako yote hayana maana.

Methanoli ndani ya maji anza na asilimia 1 maana asilimia 3 tu inaweza kupandisha joto nyuzi 100 au zaidi. Pima gesi inayotoka, ukiona kaboni monoksaidi bado ipo ujue haijaungua yote, ongeza joto kwanza. Ikikaa sawa nenda kwenye ethanoli halafu amonia, hii ya mwisho ni mbishi ila ukiichanganya na methanoli inaungua vizuri zaidi.

Na tafadhali riakta isichomelewe gereji, bar 250 ni zaidi ya mara 100 ya tairi la gari dogo. Tafuta iliyopimwa, yenye diski ya usalama (inayopasuka presha ikizidi), wewe kaa nyuma ya ukuta.

Ukifika kwenye viuatilifu vyenye klorini stenlesi ya kawaida italiwa, tafuta aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, na chumvi zitaganda ndani zizibe bomba kwahiyo angalia presha kila wakati. Maji ya kumenyea kahawa msiyateketeze hivi, hayo kuyageuza biogesi inatosha.